Chumba cha Waonjaji

Mtu akikosa kula kwa sababu hana chakula, kila mtu humwelewa. Lakini mtu akisukuma sahani pembeni huku bado inatoa mvuke, na sahani yenyewe imepikwa na binti yake wa kumzaa, na binti huyo ndiye anayelisha chuo kizima cha ufundi bila mtu kulalamika, hapo majirani hupata la kusema. Wapo waliosema mzee anaringa. Wapo waliosema amechoka kuishi. Mama Kantini aliwasikia wote na hakumjibu hata mmoja, ingawa kuna jirani wa kike aliyeponea chupuchupu kumwagiwa uji.

Jina la Mama Kantini alipewa na wanafunzi wa chuo, naye alilipokea ingawa hakuwa amezaa. Alikuwa na mikono yenye nguvu na mdomo usiojua mapumziko. Akipika anazungumza, akipakua anazungumza, na kila sahani inayopita dirishani kwake inapita na maelezo yake: hii ina tangawizi, hii nimeipunguzia pilipili, hii ukiila utanikumbuka mpaka kesho. Wanafunzi walimpenda kwa hilo. Wala hakuna aliyedhani, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, kwamba mdomo huo ndio uliokuwa unamnyima baba yake chakula.

Mzee alikuwa amepoteza harufu. Majira ya baridi yaliyopita mafua makali yalimlaza kitandani, na yalipoondoka yakamwacha mzima miguu na mikono lakini yakaondoka na kazi ya pua. Pua yenyewe ilikuwepo palepale usoni, kubwa, imesimama vizuri, ila ilikuwa pambo tu. Akiweka wali mdomoni alisikia joto na chumvi, basi. Alisema ni sawa na kutafuna boksi la viatu. Alikuwa akila matonge mawili matatu kwa adabu, anasema ahsante mama, anasukuma sahani. Mkanda wake wa suruali ulitobolewa tundu jipya, kisha jingine, na shati lake la kutokea likaanza kumning'inia mabegani.

Daktari hakuficha kitu. Alimwambia Mama Kantini kwamba mzee akiendelea kupungua hivyo, homa ijayo haitahitaji kuwa kali. Akasema pia kwamba pua inaweza kufundishwa upya, taratibu, mtoto anavyofundishwa kutembea: kila siku anuse vitu vyenye harufu kali, asichoke. Basi Mama Kantini alinunua vichupa vyenye vifuniko, akatia karafuu, kahawa, maganda ya ndimu na vipande vya sabuni ya kufulia. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alivuta kigoda mbele ya baba yake.

"Hii ni karafuu, baba. Vuta. Unasikia?"

Mzee alivuta, akafumba macho, akatulia kidogo kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje ya mlango. Kisha akafumbua macho na kusema hapana. Na ndimu? Akatulia, hapana. Na kahawa? Hapana, mama. Mama Kantini aliviweka vichupa kabatini, akaenda chuoni, akapika huku anazungumza kuliko kawaida, maana alipokuwa na hofu ndipo maneno yalipozidi. Na hofu aliyokuwa nayo haikuwa ndogo. Alimpenda baba yake, na alikuwa anamwona anaisha mbele ya sufuria zake.

Safari ya pili kwa daktari ndiyo iliyozaa wazo. Daktari alimwambia vichupa ni vizuri, lakini harufu ambayo mtu ameishi nayo miaka mingi huwa na njia yake ya kupita. Mama Kantini hakuhitaji kufikiri mara mbili. Baba yake aliishi na harufu moja tu: harufu ya bia.

Msimwelewe vibaya. Mzee hakuwa mlevi. Alikuwa mwonjaji katika kiwanda cha bia kilichokuwa ng'ambo ya reli, na watu walipenda kumtania kwamba analipwa mshahara kwa kulewa, naye hakuwahi hata siku moja kurudi nyumbani akiyumba. Kazi yake ilikuwa kunusa na kuonja kabla bia haijatiwa kwenye chupa, aseme kama iko sawa au ina kasoro. Alikuwa anaweza kusema tangi fulani halikuoshwa vizuri, au shayiri ililala kwenye magunia yenye unyevu. Wenzake walimwita Pua. Lilikuwa jina la heshima. Baada ya mafua halikuwa tena la kutamka mbele yake.

Kiwanda chenyewe kilifungwa zamani. Wenye mali walihama na biashara yao, wakaacha majengo, mlinzi na kufuli. Mlinzi huyo aliitwa Kizibo, kwa kuwa zamani alifanya kazi kwenye mashine ya kuziba chupa, na pia kwa kuwa Mungu alimuumba mfupi na wa mviringo. Mama Kantini alimfuata getini, akamweleza shida yake yote kwa pumzi moja, na Kizibo, ambaye siku nyingi hakuwa na wa kuzungumza naye ila kunguru, akasema hata leo mleteni, huyo si mgeni hapa.

Kumleta ndiyo ilikuwa kazi. Mzee alisema hataki kwenda kutazama maiti. Binti akabembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Mwishowe akamwambia wazi, "Baba, sina ujanja mwingine. Hii ikishindikana sijui nifanye nini." Mzee akaenda kuvaa viatu.

Wakaenda Jumamosi asubuhi. Kizibo aliwafungulia geti dogo, akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili na kumwita Mzee Pua kabla hajakumbuka kwamba hapaswi. Uani majani yalikuwa yameota katikati ya zege, marefu kufikia kiunoni, na kreti za plastiki zilizopauka kwa jua zilikuwa zimepangwa kando ya ukuta hadi juu, kana kwamba lori la kuzichukua litafika mchana. Bomba la moshi bado lilisimama, refu, na juu kabisa mti mdogo ulikuwa umejiotea kwenye ufa.

Waliingia kwanza ukumbi wa chupa. Paa lilikuwa na matundu, na mwanga ulishuka kwa vipande juu ya mkanda mrefu uliokuwa unabeba chupa kutoka mashine ya kuosha mpaka mashine ya kuziba. Chupa chache zilibaki juu yake, zimesimama foleni, zimejaa vumbi. Kizibo alienda moja kwa moja kwenye mashine yake, akaipangusa kwa mkono wa shati, akasema huyu bibi alikuwa hataki mchezo, ukichelewesha kidole anaziba chupa pamoja nacho. Mama Kantini alicheka, lakini jicho lake lilikuwa kwa baba yake.

"Baba, hapa pananuka sabuni ya kuoshea chupa. Mpaka leo! Unasikia?"

Mzee alivuta hewa, akatulia. "Hapana."

Wakapita kwenye ghala la shayiri. Magunia matupu yalikuwa yamelundikwa pembeni, na panya walikuwa wamefanya humo mji wao. "Hapa kimea, baba, kitamu kama mkate. Vuta." Mzee akavuta, akatulia. Hapana. Wakaingia ukumbi wa matangi, kila tangi kubwa kuliko nyumba yao, na ndani kulikuwa na ubaridi uliomfanya Mama Kantini ajikumbatie. Yeye mwenyewe alishika mlango wa tangi moja, akatia kichwa ndani, akatoka macho yamemtoka. "Hamira! Hamira tupu, baba, chachu kabisa. Njoo." Mzee alisogea, akainama, akavuta kwa muda mrefu. Midomo yake ilifunguka kidogo. Kisha akanyooka na kutikisa kichwa.

Hapo moyo wa Mama Kantini ulianza kushuka. Aliendelea kuzungumza kwa nguvu ya mazoea, lakini moyoni aliona mlango wa mwisho unafungwa. Kama hamira ya matangi aliyoishi nayo mzee umri wake wote haikumpa kitu, basi karafuu za sokoni zingempa nini. Kizibo naye alielewa, akaacha utani. Wakapanda ngazi za chuma taratibu, si kwa sababu kulikuwa na jambo huko juu, bali kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema turudini.

Juu kulikuwa na ukumbi mwembamba na mlango uliokwama. Kizibo aliusukuma kwa bega mpaka ukafunguka. Kilikuwa chumba kidogo cheupe, kisicho na picha wala kalenda. Meza ndefu ilikuwa imesogezwa mpaka ukutani, imegawanywa kwa mbao vipande vitatu mfano wa vibanda vya kupigia kura, na mbele ya kila kipande kulikuwa na kiti. Mtu akikaa hapo anatazama ukuta mtupu, na hamwoni jirani yake. Mzee alipita katikati yao, akavuta kiti cha kati, akakaa. Aliweka mikono juu ya meza kama aliyerudi kutoka kunywa chai.

Mama Kantini aliuliza kama walikuwa wanakalishwa hapo kwa adhabu, maana yeye shuleni alitazama sana ukuta na hakuwahi kuonjeshwa kitu. Baba yake alitabasamu kidogo, kisha akamweleza. Watu hudanganyana kwa nyuso, alisema. Mmoja akikunja uso, mwenzake naye anaanza kusikia uchachu. Mmoja akisema ndizi, chumba kizima kinasikia ndizi mpaka jioni. Ndiyo maana walitazama ukuta. Glasi iliwekwa, kila mmoja alinusa peke yake, akimaliza anagonga mbao, na hakuna aliyefungua mdomo mpaka wote wamegonga. Halafu aliyeandaa glasi alipita nyuma yao, na kila mtu alimnong'oneza sikioni.

"Na mtu akitajiwa kabla hajanusa?" aliuliza Kizibo.

"Anatoka. Siku hiyo haonji tena. Anachosikia hakihesabiki."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeeleza kazi. Lakini Mama Kantini aliganda. Alikuwa ameegemea mlango. Alikuwa anaviona vichupa vyake. Alikuwa anajisikia mwenyewe: hii ni karafuu, baba.

"Baba," alisema taratibu, "mimi kila asubuhi nakutajia."

"Unanitajia."

"Sasa ukivuta ile karafuu, kabla hujasema hapana, unakuwa unasikia nini?"

Mzee hakugeuka. Aliutazama ukuta wake.

"Ukisema karafuu, nasikia karafuu kwa mbali. Ukisema kahawa, nasikia kahawa. Lakini hiyo siyo pua, mama. Hayo ni masikio. Nitasemaje nimesikia, na kitu chenyewe umenitia wewe?"

Kizibo aliangalia chini. Mama Kantini alishikwa na hasira na furaha kwa pamoja, na hakujua aanze na ipi. Alitaka kumpiga baba yake kwa kreti. Miezi yote hiyo! Miezi yote anatobolewa mkanda, anasukuma sahani, na huku kuna kitu anakisikia, anakitupa kwa sababu hakikupita njia halali. Akamuuliza na chakula je. Mzee akasema chakula ni hivyohivyo. Kila sahani inafika na tangazo lake, ina hiki na kile. Akila, anasikia alivyoambiwa, kisha anahisi anajidanganya kama mwonjaji mchanga, na hamu inakatika. "Siwezi kula maneno," alisema, na hapo sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye huzuni kweli.

Binti alikaa kwenye kiti cha kando. Alitambua kwamba baba yake amekosea kama ambavyo mtu wa kazi ile tu anaweza kukosea, na kwamba yeye amemsaidia kukosea kila asubuhi, kwa upendo na kwa sauti kubwa. Hakujua kama kile anachokisikia mzee ni kweli au ni masikio tu. Huenda mzee alikuwa sahihi. Kulikuwa na namna moja ya kujua, na kwa bahati walikuwa wamekaa ndani yake.

Kizibo ndiye aliyesema. Alifungua kabati la ukutani, akatoa glasi zilizofunikwa na vumbi, akasema yeye ataandaa. Mzee aligoma mwanzoni. Alisema ni utoto. Lakini alipoona Kizibo anataka kuzipangusa kwa shati aliruka, akamwambia glasi huoshwa kwa maji matupu na haziguswi mdomoni kwa kitambaa, tena awaletee mbili tu kila mara, kila mtu yake, na ziwe na vifuniko. Kizibo akashuka ngazi anachekelea. Hakurudi upesi. Walimsikia huko chini anafungua milango, anagonga vyuma, anakohoa, na baba na binti walikaa wametazama ukuta kila mtu na kibanda chake. Mama Kantini alijaribu kunyamaza. Alijaribu tena.

Glasi za kwanza zilikuja zimefunikwa kwa vipande vya karatasi. Mama Kantini aliinua yake, akanusa. Akapata kimea mara moja, kile kitamu cha ghalani. Akagonga mbao kwa majivuno. Baba yake naye akagonga. Kizibo akapita nyuma, akasikiliza mnong'ono huu na ule, kisha akasimama katikati ya chumba kama hakimu.

"Dada amesema kimea. Mzee amesema hakuna kitu. Ni maji ya kisimani, nimeyachota sasa hivi."

Mzee alicheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, kicheko ambacho nyumba yao haikuwa imekisikia tangu wakati wa baridi. Ile ilikuwa glasi ya uongo, alieleza, kila siku moja ilikuwa ni maji matupu, kuwakamata wenye pua za kubuni. Na aliyekamatwa ndiye aliyeosha vyombo. Mama Kantini alikubali kuosha. Lakini kicheko cha mzee kilikatika chenyewe, na binti alijua kwa nini. Pua iliyokufa nayo ingesema hakuna kitu. Maji hayakuwa yamethibitisha lolote.

Glasi za pili Kizibo alizileta moja kila mkono. Mama Kantini aliinua karatasi, na harufu ikamwingia mara moja, tamu, nzito, haina maficho. Alijua ni nini. Jina lilimfika kwenye meno. Akafumba mdomo, akashika kona ya kitambaa chake cha kichwa na kuiuma. Akagonga.

Upande wa pili hakukuwa na sauti.

Alimsikia baba yake anavuta pumzi. Anatulia. Anavuta tena. Alingoja kusikia mbao ikigongwa, na haikugongwa. Hakuwahi kupewa kazi ngumu kama hiyo ya kukaa kimya. Ingemgharimu nini kukohoa kidogo, kumeza mate kwa sauti, kumpa mzee japo herufi? Angemfurahisha, na angemuua. Aliuma kitambaa mpaka taya likamuuma. Machozi yalimtoka, akayaacha.

Mbao ikagongwa, mara moja, polepole.

Kizibo akainama kwanza kwa binti. "Asali," binti alinong'ona. Kisha akainama kwa mzee, na hapo akakaa muda mrefu sana. Mama Kantini alisikia mnong'ono bila kusikia maneno. Kizibo aliponyooka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mzee anasema moshi," alisema. "Moshi juu. Chini yake nta, na utamu, ila wa zamani. Umekauka."

Hakuna aliyetamka moshi ndani ya chumba kile. Kizibo aliwaeleza huku akijikanyaga kwa haraka ya kusema. Nyuma, kwenye jengo ambalo hakuwapeleka, kuna zile sufuria kubwa za shaba za kuchemshia, na ndani ya mojawapo nyuki wamehamia wakipitia bomba la juu. Yeye huwafukiza kwa majani makavu akitaka kurina asali, na kipande cha sega alichowatilia kwenye glasi kilianguka siku nyingi, kikabaki sakafuni kikinywa moshi. Hata yeye alikuwa amesahau habari ya moshi. Mama Kantini alirudisha pua kwenye glasi. Upo. Mwembamba, lakini upo, na yeye mwenye pua nzima ulimpita.

Aligeuka kwenye kiti chake, akavunja sheria ya ukuta, akamwangalia baba yake juu ya ubao. Mzee alikuwa ameshika glasi kwa mikono miwili, ameinama juu yake, na alikuwa analia bila kujificha. "Hakuna aliyenitajia," alisema. "Mama, hukunitajia."

"Sikukutajia, baba."

Alitaka tena, papo hapo. Huyo alikuwa ni Pua, haamini jibu la mara moja. Kizibo alileta konzi ya shayiri iliyooza, na mzee akanong'ona kwamba ni karatasi mbichi. Kizibo alisikitika kumwambia kwamba amekosa. Mzee wala hakusikitika. Alipiga meza kwa kiganja. Pua iliyokufa haikosei, alisema, inanyamaza tu. Hii yake inakosea, kwa hiyo iko hai na inahitaji mazoezi. Akaanza kumpangia Kizibo Jumamosi zinazofuata, glasi ngapi, za nini, na uongo usikosekane. Kizibo alikubali yote. Mtu aliyeishi na kunguru tu alikuwa amepata kazini mwake watu wa kuwafungulia geti.

Walirudi nyumbani kabla jua halijawa kali, mzee akitembea mbele. Alisimama karibu na karakana, akanusa, akaendelea. Alisimama kwa muuza samaki, akanusa, akakunja uso, akaendelea kwa furaha kubwa. Binti alimfuata nyuma amejiziba mdomo kwa kiganja, maana kila duka walilolipita lilimjia na jina lake.

Mchana huo alipika mlango wa jikoni ukiwa umefungwa. Alipika kimya, jambo ambalo hata sufuria zililishangaa. Mara mbili alijikuta amesimama na mwiko hewani, anamfikiria mzee akiwa ameinama juu ya glasi, na mara ya pili alipozinduka vitunguu vilikuwa vimeshika chini upande mmoja. Alitukana kwa sauti ya chini. Aliondoa vilivyoungua, akaongeza nyanya, akakoroga maharage, akaonja, akaridhika. Kantini nzima isingegundua.

Alipobeba sahani sebuleni, alikuta mzee amegeuza kiti. Amekielekeza ukutani, karibu kabisa, na kigoda cha kuwekea sahani kipo mbele yake. Mama Kantini alifungua mdomo.

"Usiniambie umepika nini," alisema mzee.

Akaufunga. Aliweka sahani, akarudi nyuma, akasimama katikati ya chumba mikono imefungwa juu ya aproni. Alimwona baba yake kwa mgongo tu: shingo nyembamba, shati lililolegea, kisogo cheupe. Mzee aliinama juu ya mvuke, akakaa hapo. Kisha akatia tonge mdomoni, akatafuna polepole. Akatia jingine. Binti alihesabu matonge mawili, matatu, akangoja sahani isukumwe pembeni. Mkono wa mzee ulisimama hewani.

"Umeunguza kitunguu," alisema.

Mama Kantini alishika mgongo wa kiti kilichokuwa karibu. Katika maisha yake yote ya jikoni hakuwahi kukubali kosa bila kubishana kwanza, na watu wa chuo wangeweza kuapa juu ya hilo.

"Nimeunguza, baba," alisema. "Nimeunguza kweli."

"Upande mmoja tu," alisema mzee akiutazama ukuta, na akatia tonge jingine.